Saa ya Ziada ni Mali ya Nani?



Kila Ijumaa, khatibu anapokaribia kuteremka mimbarini, masikio yetu huipokea aya ya 90 ya Sura An-Nahl. Tumeizoea mno, hata wapo wenzetu ambao wakiisikia tu huanza kuvitafuta viatu vyao kwa macho. Humo Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anaamrisha uadilifu, kisha hisani, kisha kuwapa jamaa wa karibu. Uadilifu ni kumpa kila mwenye haki haki yake bila ya kuipunguza. Hisani ni kutoa zaidi ya kile unachodaiwa. Mpangilio wa maneno ya Mola si wa kubahatisha: uadilifu umetangulia, hisani ikafuata. Nimekuwa nikiutafakari mpangilio huu kwa miezi kadhaa sasa, na aliyenisukuma kuutafakari ni mama mmoja mshonaji wa Ruiru.

Huwa naenda Thika na Ruiru mara chache kwa mwaka kusomesha darsa za akina mama. Wengi wao ni watu wetu wa Pwani walioolewa bara au waliofuata kazi. Wengine ni wenyeji waliosilimu, na wengine wana asili ya kaskazini mashariki, waliofika kwa barabara ya Garissa. Siku hiyo, wenzake walipokwisha kutoka, mama huyu alibaki nyuma. Asili yake ni Kwale. Ameshona nguo kiwandani kwa miaka 12. Kwa muda mrefu alikuwa akiwafundisha mashine wasichana wapya katika saa yake ya chakula, akirekebisha mishono ya wenzake bila ya kuambiwa, na akibaki baada ya king'ora pale mzigo unaposubiriwa. Kisha nafasi ya usimamizi ikatokea, akapewa mtu aliyeingia juzi, bila ya tangazo wala usaili. Alipouliza, akajibiwa kwamba kama hakuridhika, lango liko wazi. Tangu siku hiyo yeye hutimiza idadi yake ya vipande, na king'ora kikilia huchukua mkoba wake na kuondoka.

“Maalim,” akaniambia, “je, mimi sasa ni mwizi? Naogopa ninawalisha wanangu chumo lisilo na baraka.”

Nilimjibu pale pale kwamba yeye si mwizi. Lakini swali lake lina matawi mengi kuliko jibu hilo, nami naona linawahusu wasomaji wengi wa jarida hili, walio waajiriwa na walio waajiri. Nyumba nyingi zetu, kama nitakavyoeleza, zina wote wawili chini ya paa moja.

Tuanze na mkataba wa kazi ulio maarufu kuliko yote katika Qur'ani, ule wa Nabii Musa (A.S.) katika nchi ya Madyan, unaosimuliwa katika Sura Al-Qasas kuanzia aya ya 23. Musa alifika kisimani akiwa mkimbizi, hana kitu. Akawakuta wanawake wawili wamewazuia wanyama wao wasisogelee maji, wakiwangoja wachungaji wa kiume wamalize. Akawanyweshea, kisha akaenda kivulini akamwomba Mola wake. Hakuagizwa wala hakupatana nao malipo. Hiyo ilikuwa hisani tupu. Sasa tazameni alichofanya baba yao. Hakutosheka na kumshukuru kwa mbali. Alimtuma binti yake amwite ili amlipe ujira wa kuwanyweshea. Ni binti pia, si baba, aliyetoa rai ya kwamba Musa aajiriwe, akaitaja nguvu yake na uaminifu wake. Akina mama walizungumza juu ya sifa za mfanyakazi bora kabla ya vyuo vya uongozi kujengwa.

Kisha yakaja masharti. Miaka minane ni wajibu. Ikitimia kumi, hiyo miwili ya juu ni hiari ya Musa mwenyewe, na mwajiri akasema wazi kwamba hataki kumtia katika mashaka. Yaani ziada ilitajwa, ikapewa mpaka wake, na mwenyewe akatambuliwa kuwa ni mfanyakazi. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Ibn Abbas (R.A.) aliulizwa Musa alitimiza muda upi kati ya miwili, akajibu kwamba alitimiza ule mrefu zaidi. Nami najiuliza: angetimiza kumi lau mzee yule angemwambia tangu mwanzo kwamba ni kumi, apende asipende, na kwamba kisima kiko wazi kama hataki?

Kwa hiyo mama wa Ruiru anayetoka king'ora kinapolia ametimiza miaka yake minane. Saa ile ya ziada ilikuwa yake tangu hapo. Aliitoa alipopenda na ameizuia alipoona haithaminiwi. Mwenye kuzuia zawadi haitwi mwizi.

Hata hivyo linabaki swali la pili, ambalo waajiri huniuliza kwa njia nyingine: kwa nini wafanyakazi wa siku hizi hawana moyo? Neno hilo nimelisikia kwa wenye maduka Mombasa, kwa wenye mashamba, kwa walimu wakuu, na kwa wenye nyumba wanaolalamikia dada wa kazi. Mimi nimewahi kuuona moyo huo ukiwapo na nimeuona ukiondoka, mahali pamoja, kwa watu walewale, katika muda usiozidi mwaka mmoja. Nivumilieni nieleze.

Nilifika Thika mwaka 1995, kijana niliyetoka chuoni Lamu, kusomesha madrasa jioni. Mchana nilipata kazi ya ukarani wa bohari katika kiwanda kimoja cha nguo ambacho sina haja ya kukitaja. Thika ni mji wa kazi. Reli iliufikia mwaka 1913, na tangu Uhuru viwanda vimejipanga huko: nguo, ngozi, mafuta ya kupikia, kuunganisha magari, na mananasi yaliyoenea vilimani mpaka macho yachoke. Miaka ile ya 90 viwanda vya nguo vilikuwa taabani. Soko lilikuwa limefunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na kitambaa kilichofumwa nyumbani kikawa hakina mnunuzi. Kila mwezi tulisikia kiwanda fulani kimepunguza watu. Nalitaja hili ili msidhani kwamba tuliishi katika neema.

Meneja wetu hakuwa Mwislamu, na wala hakuwa mtu wa maneno matamu. Lakini orodha ya ovataimu aliibandika ukutani kila Jumatatu, kwa zamu, kila mtu akiiona zamu yake na ya mwenzake. Mshahara ukichelewa alikuja mwenyewe kiwandani, akasimama juu ya sanduku la nyuzi, akaeleza ni nani hajalipa na fedha zinatarajiwa lini. Sisi Waislamu tulikuwa kama kumi na wawili. Alitupa ruhusa ya Ijumaa kwa sharti tuingie saa moja mapema siku hiyo, na sharti hilo aliwatangazia wote ili pasiwe na mnong'ono.

Zikaja mvua za El Nino, zilizoanza Oktoba 1997 na kuendelea hadi mwanzo wa mwaka uliofuata. Usiku mmoja maji yaliingia bohari ya vitambaa. Mlinzi alimtuma mtu Makongeni, huyo akamwamsha mwingine, habari zikafika mpaka Kiandutu, na kufikia saa nane za usiku walikuwapo watu kama arobaini, wengine miguu mitupu, wakibeba marobota kuyapandisha ghorofani. Wanawake wa kitengo cha kukunja walijipanga ngazini wakipokezana. Hakuna aliyeuliza atalipwa nini. Kulipopambazuka tulisali Alfajiri juu ya magunia, nguo zetu zikitiririka maji.

Meneja alifika saa moja na nusu. Alizunguka, akatazama, hakusema mengi. Kisha akaniita mimi karani, akaniambia niandike majina yote ya waliofika, na mwisho wa mwezi kila mmoja alilipwa usiku ule kwa hesabu ya siku ya mapumziko, yaani maradufu. Wakati ule kisa cha Madyan nilikuwa nimekisomesha mara nyingi, lakini sikuwa nimewahi kukiona kwa macho.

Katikati ya mwaka 1998 bwana yule aliondoka, akaja mwingine mwenye shahada kubwa zaidi. Orodha ya ovataimu iliondoka ukutani ikahamia mfukoni. Ruhusa ya Ijumaa ilifutwa bila ya maelezo. Siku za kazi zilipunguzwa kutoka sita hadi nne kwa tangazo la mistari miwili lililobandikwa jioni, ambapo watu walikuwa wakitoka. Huenda kupunguza huko kulikuwa hakuepukiki. Vitabu vya bohari nilivishika mimi na najua mauzo yalivyokuwa. Lakini hakuna aliyesimama juu ya sanduku.

Jioni moja, zikiwa zimesalia dakika kumi king'ora kilie, bomba la mvuke likapasuka katika kitengo cha kutia rangi. Watu walitazamana. Mmoja alifunga kopo lake la chakula, wa pili akavaa koti. King'ora kilipolia wakatoka, na vitambaa vikaharibika kwa wingi. Siku ya pili meneja mpya alisema kwamba watu hawa hawana uaminifu. Mikono aliyokuwa akiilaumu ni ileile iliyobeba marobota usiku wa mvua.

Sikwambii kwamba wote walitoka. Mzee mmoja wa bohari, aliyekuwa amebakisha miaka michache astaafu, alirudi peke yake, akafunga vali kwa kitambaa mkononi, akaungua kidogo kiganjani. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia, “Mimi simfanyii yeye, Maalim.” Huyu ni mtu wa hisani ya daraja ya juu, ile ambayo Mtume (S.A.W.) aliieleza alipoulizwa na Jibrili: kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona. Watu wa namna hiyo wapo katika kila kiwanda, kila hospitali, kila shule. Ni wachache, na mwajiri anayeiendesha kazi yake kwa kuwategemea wao huku akiwanyima haki wenzao anaula mtaji asioutia yeye.

Nilipokuja kusoma habari za wataalamu wa uongozi, niliona nao wamelizunguka jambo hilihili. Mnamo mwaka 1983 Mmarekani Dennis Organ na wenzake walianza kuandika juu ya mambo ambayo mfanyakazi huyatenda bila ya kuyaandikiwa katika mkataba: kumsaidia mgeni wa kazi, kutolalamika kwa dogo, kuilinda mali ya kazi kama yake. Waliuita mwenendo huo uraia mwema wa kazini. Waliofuata wakachunguza unatokana na nini, na hoja iliyorudiwa mara nyingi ni kwamba mfanyakazi hutazama haki kwa namna zaidi ya moja. Hutazama alichopewa, hutazama njia iliyotumika kuamua, na hutazama alivyosemeshwa.

Katika tafiti hizo upo mmoja ambao nauona unatosha kuwekwa mbele ya kila mwenye duka. Jerald Greenberg aliuchapisha mwaka 1990. Kampuni moja ya Marekani ilikuwa na viwanda vitatu. Kwa kupoteza mikataba, ilipunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki 10 katika viwili, na cha tatu kikaachwa kama kilivyo. Katika kimoja cha vile viwili, wakubwa waliwakusanya wafanyakazi, wakawaeleza hesabu kwa urefu, wakawaomba radhi na kuyajibu maswali yao. Katika cha pili waliambiwa kwa ufupi na mkutano ukavunjwa. Mapunguzo yalikuwa yale yale, shilingi kwa shilingi, au tuseme dola kwa dola. Wizi wa mali ya kiwanda ulipanda kote kuwili, lakini pale walipoambiwa kwa mkato ulipanda zaidi sana. Mtu anaweza kustahimili kupungukiwa. Kudharauliwa huku amepungukiwa ndiko kunakomshinda.

Tahadhari hapa, wapendwa. Sikusema kwamba wizi ule ulihalalika. Kuzuia hisani ni jambo moja na kuvunja amana ni jingine. Mama anayetoka kwa king'ora yuko salama. Anayebeba kitambaa chini ya buibui kwa hoja ya kwamba amedhulumiwa ameingia katika dhuluma yake mwenyewe, na Siku ya Kiyama hesabu mbili zitasomwa, si moja. Vilevile anayeshona kwa makusudi mshono utakaofumuka. Kipande ulicholipwa ukishone ni deni juu yako, na deni halifutwi na kinyongo.

Nirudi Ruiru, kwa kuwa huko kuna mfano ambao akina mama wa darsa walinifundisha wao. Pembezoni mwa mji bado yapo mashamba ya kahawa, ingawa mengi yamegeuzwa viwanja na maghorofa. Ruiru ndiyo iliyolipa jina lake aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, waliyoitoa watafiti mwaka 1985 ili istahimili maradhi ya buni na kutu ya majani. Lakini elimu yote hiyo mwishoni huishia katika vidole vya mwanamke. Kahawa njema huchumwa punje iliyoiva tu, nyekundu, moja moja, na mchumaji hulipwa kwa debe. Kuchagua punje kunachelewesha debe. Kwa hiyo ule uangalifu, kupita tawi hili na kuliacha lile mpaka wiki ijayo, ni hisani ambayo hakuna mzani unaoipima.

Akina mama wakanieleza juu ya shamba moja walilochuma msimu mmoja, ambapo msimamizi hakukubali debe lililojaa sawa na ukingo. Alitaka liwe na kichuguu juu, akalilipa kama debe moja. Wote tunaijua Sura Al-Mutaffifin na onyo lake kwa wanaojitimizia wanapopokea na kupunguza wanapotoa. “Tulifanyaje?” akasema mmoja wao, mtu mzima, akicheka. “Tuliacha kuchagua, Maalim. Nyekundu, kijani, zote ndani. Alitaka kichuguu, tukampa kichuguu.” Msimamizi yule alijipatia kilo mbili tatu za juu na akaipoteza kahawa. Siwapigii makofi kwa kuchanganya mbichi na mbivu, maana kazi waliyopatana ilikuwa kuchuma mbivu. Lakini sikuweza kujizuia nami kucheka.

Thika nayo ina kisa kilichofika mbali. Novemba 1999 kundi la wanaharakati wa Italia, wakishirikiana na watetezi wa haki wa Kenya, walianzisha kampeni ya kuwataka wanunuzi wa Italia wasusie mananasi ya Del Monte yanayotoka Thika. Malalamiko yaliyotolewa yalihusu ujira mdogo, vibarua wa msimu waliorudi mwaka baada ya mwaka bila ya kuajiriwa kikamilifu, madawa ya kunyunyizia, na uhuru wa wawakilishi wa wafanyakazi. Mapema mwaka 2001 pande hizo zikafikia makubaliano na kampeni ikasitishwa. Sitaki kulifanya shamba hilo liwe peponi wala motoni. Mengi mengine yamesemwa juu yake tangu hapo. Ninachokitaja ni kwamba mama wa Kiitalia aliyerudisha kopo la mananasi rafuni alikuwa na sehemu yake katika ujira wa mama wa Thika ambaye hatamwona maishani. Akina mama wanaosoma hapa nao hununua.

Na sheria yetu inasemaje? Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, pamoja na ujira wa haki na uhuru wa kujiunga na chama. Ibara ya 32 inakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya dini yake, nayo inaitaja siku ya ibada. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi hata katika kupandishwa cheo. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Kwa hiyo ile kauli ya kwamba lango liko wazi si ubabe tu. Ina mipaka yake mahakamani. Mama wa Ruiru nilimshauri aandike barua ya heshima, aulize nafasi ile ilijazwa kwa kigezo gani, abaki na nakala, na amwone mwakilishi wa chama chao. Aliniuliza kama kufanya hivyo kunapingana na subira. Nikamwambia kwamba subira ni kutokata tamaa na kutovuka mpaka, na kudai haki hakumo katika hayo mawili.

Kuhusu hofu yake ya baraka, nilimwambia chumo lake ni halali madhali anatimiza alichopatana. Nikamwongezea jambo moja, kwa kuwa niliona limo moyoni mwake. Wale wasichana wapya wa mashine hawakumnyima cheo. Akitaka kuendelea kuwafundisha katika saa yake ya chakula, hiyo haitakuwa zawadi kwa msimamizi. Alinyamaza kidogo, akasema atalifikiria. Sikumsukuma, kwa kuwa mimi nami sina haki ya kuiamuru hisani ya mtu.

Sasa niingie majumbani, maana naona wengine wamesoma mpaka hapa wakidhani habari ni za wenye viwanda. Mwanamke anayefanya kazi benki au shuleni Mombasa, akalalamika kwamba mkuu wake humbakiza mpaka magharibi bila ya malipo, mara nyingi amemwacha nyumbani mwanamke mwingine aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kumwandalia watoto chai na ambaye hatalala mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Huyo tunamwita dada, au yaya, na tukiulizwa tunasema kwamba ni kama mtu wa nyumbani. Mwenye kuitwa mtu wa nyumbani mara nyingi hana saa ya kutoka. Methali yetu ya afe punda mzigo wa bwana ufike haikutungwa kwa ajili ya viwanda vya Thika, viwanda havikuwapo.

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 inamweka mtumishi wa nyumbani na yaya katika daraja moja na kibarua wa kawaida. Kwa miji mikubwa kama Mombasa kima hicho kilizidi shilingi 16,000 kwa mwezi, na kwa Thika na Ruiru, ambayo imetajwa kwa jina lake katika amri hiyo, kilizidi kidogo shilingi 14,800, posho ya nyumba ikiwa mbali. Sheria inampa pia siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na mkataba wa maandishi ikiwa ajira ni ya miezi mitatu au zaidi. Najua zipo nyumba ambazo kipato chake chenyewe hakifiki mbali na kima hicho. Mwenye uwezo mdogo apatane saa chache, au siku chache, na azilipe kwa ukamilifu. Asichukue siku nzima na usiku kwa bei ya nusu siku, kisha akashangaa kwa nini binti hana moyo na mtoto.

Anas bin Malik (R.A.) alimhudumia Mtume (S.A.W.) miaka kumi, na akasimulia kwamba katika muda huo wote hakuwahi kuambiwa hata neno la kukereka, wala kuulizwa kwa nini hukufanya hili, kwa nini umefanya lile. Na Abu Dharr (R.A.) amepokea agizo la kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwabebeshe yanayowashinda, na tukiwabebesha basi tuwasaidie. Hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka tunaijua sote kwa moyo. Katika nyumba nyingi jasho hukauka, likaloa tena, likakauka mara ya pili.

Nyumbani kwetu mke wangu ana msaidizi, binti wa Kitui, Mkristo. Alipoanza kazi, mke wangu alikuwa ameandaa karatasi ya masharti: mshahara na tarehe yake, saa ya kuanza na ya kumaliza, Jumapili yake ya kanisani, likizo. Wakaketi jikoni, akamsomea mstari kwa mstari, akamuuliza kama lipo analotaka kuongeza. Binti alifikiri, akasema lipo moja. Wageni wakikaa kupita saa tatu za usiku, vyombo vyao vioshwe asubuhi. Mke wangu alinitazama mimi, kwa kuwa wageni wale wa usiku huwa ni wangu. Likaandikwa kama lilivyotamkwa, wote wawili wakatia sahihi, karatasi moja akakaa nayo yeye na ya pili ikabandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, kisha wakarudi kuchambua mchele.